Farasi anaumwa, wao wanajua, wewe unaweka hela

KWENYE vibanda vya kubeti hapa Dar es Salaam kuna televisheni ambayo ni kama haizimwi. Mpira ukiisha, zinaanza mbio za farasi. Wengi ni farasi wa kompyuta. Wanakimbia kila baada ya dakika chache, hawachoki, hawali majani. Jamaa wanawashangilia kwa namba tu. "Nne! Kaza nne! Nne mbona unaniua?"

Farasi wa kompyuta ana uzuri wake mmoja. Hana goti. Hawezi kuamka na homa, hawezi kutokwa damu mapafuni, na hakuna mtu aliyemwona asubuhi akichechemea halafu akaamua kunyamaza. Ukiliwa umeliwa na mashine, basi.

Farasi wa kweli ana goti, ana mapafu, ana tumbo. Na pembeni yake kuna watu wanaojua hali yake kuliko wewe unavyoijua hali ya simu yako. Yupo anayemlisha, anayemfundisha, anayempanda, daktari wake na mmiliki wake. Leo nataka kuwazungumzia watu hao, siku wanapojua farasi hayuko sawa na bado wanakuachia uweke hela yako.

Wapenzi wa soka mnivumilie kidogo. Mpira tutaurudia, maana ndiko ninakoelekea.

Twende Marekani. Novemba 5, 2010, uwanja wa Churchill Downs, jijini Louisville, jimbo la Kentucky. Ilikuwa siku ya kwanza ya Breeders' Cup. Kwa watu wa farasi hayo ni mashindano ya kufa mtu, chukua nusu fainali na fainali za Ligi ya Mabingwa Ulaya uzibane ndani ya siku mbili. Mbio kubwa za siku ile zilikuwa za farasi jike, Ladies' Classic. Mmoja wao aliitwa Life At Ten. Kwa hela zilizowekwa, alikuwa wa pili kwa kuaminiwa. Mgongoni kwake alikaa John Velazquez, mmoja wa wapanda farasi wenye majina makubwa kabisa nchini mwao.

Farasi wakiwa wanapasha misuli, kituo cha televisheni cha ESPN kikamuuliza Velazquez moja kwa moja hewani, farasi wako anaonekanaje? Aliyeuliza alikuwa Jerry Bailey, naye mpanda farasi mstaafu, kwa hiyo anajua anachouliza. Velazquez akajibu kwamba hapashi kama ilivyo kawaida yake.

Soma tena hapo. Mtu aliyekaa mgongoni mwa mnyama anasema hewani, kabla ya mbio, kwamba mnyama hayuko kawaida.

Watu wa televisheni wakastuka. Wakapiga simu kwenye chumba cha wasimamizi wa mbio, ambao kwa lugha yetu ni kama mwamuzi na kamisaa wa mechi kwa pamoja. Wakawaeleza kilichosemwa. Dakika zilikuwa chache lakini zilikuwepo. Wasimamizi hawakumtuma daktari wa mifugo amwangalie. Farasi akaingizwa getini na wenzake. Geti likafunguka, wenzake wakachomoka, yeye akatoka anajikokota kama mtu aliyetumwa dukani asikotaka kwenda. Velazquez hakumlazimisha, na hapo alifanya jambo la maana. Life At Ten akamaliza wa mwisho, mbali kabisa.

Kilichonishangaza zaidi ni kilichofuata. Baada ya mbio hakuchukuliwa hata vipimo. Farasi wa pili kwa kuaminiwa, kwenye mashindano makubwa kuliko yote nchini mwao, anatembea badala ya kukimbia, na hakuna aliyechukua damu yake kujua kulikoni.

Tume ya mbio za farasi ya Kentucky ikaja kuchunguza, na ilichukua miezi. Velazquez alikubali kulipa dola 10,000 yakaisha. Msimamizi mkuu wa mbio, John Veitch, alipoteza kazi. Waliobeti je? Tiketi zao zilihesabiwa kama za farasi aliyekimbia na kushindwa. Hakuna aliyerudishiwa hela yake.

Sasa kuna mtu ataniambia, si walisema hewani? Siri iko wapi?

Siri iko hapa. Waliokuwa nyumbani wanaangalia ESPN walisikia. Waliokuwa wamepanga foleni dirishani, na waliokuwa kwenye vituo vingine vya kubeti huko majimboni, hawakusikia. Habari ya afya ya farasi ikawa kama mvua ya Dar, inanyesha Mbezi wakati Kariakoo wanaanika nguo. Anayepaswa kuitangaza ni mwenye mashindano, kwa kipaza sauti, kila mtu aisikie kwa wakati mmoja. Yeye ndiye aliyenyamaza.

Tuelewane kwa nini hili ni jambo zito. Kwenye mbio za farasi za Marekani hubeti dhidi ya kampuni. Hela zote za waliobeti zinaingia kwenye kapu moja. Mwenye uwanja anakata chake, serikali inachukua chake, kinachobaki wanagawana waliopatia. Ni mchango wa watu wenyewe. Kwa hiyo hela yako ikiliwa imeenda kwa mbetiji mwenzako.

Ukishalielewa hilo, jiulize kinachotokea farasi mmoja akiwa mgonjwa na watu kumi tu ndio wanaojua. Hao kumi hawamgusi. Wanaweka kwa wengine. Hela za wale maelfu wasiojua zinabaki kapuni, na hao kumi wako kwenye foleni ya kuzigawana. Hakuna aliyevunja mguu wa farasi, hakuna aliyehonga mpanda farasi. Wamenyamaza tu. Na kunyamaza kwao kumehamisha hela kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Sehemu nyingine mtu akitumia siri ya ndani kununua na kuuza hisa anapelekwa mahakamani. Kwenye zizi wanaita ujanja wa mjini.

Kisa cha pili ni kikubwa zaidi, kwa sababu hapa walionyamaza ni wakubwa wenyewe. Mwaka 2018 Marekani ilipata bingwa wa mataji matatu makubwa, Triple Crown. Farasi anaitwa Justify. Alianza kukimbia Februari mwaka huohuo. Ili aingie Kentucky Derby ilibidi apate pointi, na alizipata Aprili 7 aliposhinda Santa Anita Derby kule California. Baada ya ushindi ule vipimo vyake vikaonyesha dawa iliyopigwa marufuku, skopolamini. Majibu yalipatikana Aprili hiyohiyo. Kentucky Derby ikafanyika Mei 5. Umma haukuambiwa kitu. Watu wakaweka hela, Justify akashinda. Akashinda Preakness. Akashinda Belmont. Shangwe kila kona.

Agosti, bodi ya mbio za farasi ya California ikakaa kikao cha ndani na kulifunga faili. Maelezo yao yalikuwa kwamba dawa ilitokana na gugu la porini lililochanganyika na chakula cha farasi. Inawezekana kabisa, mimi si mkemia. Lakini wapenzi wa mbio walikuja kujua habari hiyo Septemba 2019, tena kwa sababu gazeti la New York Times liliichimbua. Desemba 2023 jaji wa Los Angeles akaamua kwamba Justify alipaswa kunyang'anywa ushindi wa Santa Anita. Miaka mitano na zaidi! Mtu aliyebeti siku ile tiketi yake ilishaoza jalalani.

Kama farasi hakuwa na kosa, kwa nini asisafishwe hadharani? Mwenye mashindano akificha jibu la maabara, hata jibu lenye utetezi mzuri linanuka.

Msidhani dunia nzima iko hivyo. Hong Kong wana viwanja viwili, Sha Tin na Happy Valley, na klabu inayoviendesha, Hong Kong Jockey Club, inaweka hadharani rekodi ya daktari ya kila farasi. Unafungua tovuti yao, unatafuta jina la farasi, unasoma tarehe fulani alichechemea mguu wa mbele wa kushoto, tarehe fulani alikutwa na damu kwenye koromeo baada ya mazoezi, tarehe fulani alipita ukaguzi na kuruhusiwa. Mazoezi yake ya kila siku yamo. Uzito wake kabla ya mbio umo. Mama muuza samaki wa Hong Kong anasoma kilekile anachosoma tajiri mwenye farasi.

Biashara ilikufa? Wapi. Hong Kong ni moja ya sehemu ambazo watu wanabeti farasi kwa hela nyingi sana duniani. Watu wanaweka kwa sababu wanaamini kapu halijatobolewa chini.

Japan nao siku ya mbio wanatangaza uzito wa kila farasi na tofauti yake na mbio zilizopita. Farasi akipungua kilo nyingi ghafla, kila mtu anaona na anajiuliza. Uingereza, tangu Januari 2018, farasi aliyefanyiwa upasuaji wa njia ya hewa lazima atangazwe kabla ya kukimbia kwa mara ya kwanza baada ya upasuaji, na inaandikwa kwenye ratiba ya mbio kwa herufi mbili tu. Hakuna insha. Herufi mbili zinatosha kumwambia mbetiji kwamba huyu alikuwa na tatizo la kupumua na limeshughulikiwa.

Nawasikia wenye farasi wakisema ile ni mali yao, siri ya mali ni ya mwenye mali. Sawa, mfuge nyumbani basi. Ukimleta uwanjani watu wamwekee hela, na zawadi unayoshindania inatokana na hela hizohizo, afya yake imeshakuwa habari ya umma. Ukiuza samaki sokoni, mteja ana haki ya kufunua mashavu.

Wengine wanasema mashabiki hawataelewa lugha ya madaktari. Hiyo ni dharau. Shabiki anayeweza kukokotoa mkeka wa mechi kumi na nane kwa kichwa hawezi kushindwa kuelewa kwamba farasi anachechemea.

Tena kuna jambo kubwa kuliko hela. Farasi wa mbio ana karibu kilo 500, miguu yake chini ya goti ni myembamba kama mkono wa mtoto. Akivunjika akiwa kasi anaanguka na mtu mgongoni, na wanaokuja nyuma wanawakanyaga wote wawili. Siri ya kwamba hayuko sawa inaweza kuua mnyama na mtu kwa sekunde moja. Panapolazimishwa kutangaza, mwenye farasi anafikiri mara mbili kabla ya kumkimbiza mgonjwa.

Haya, turudi kwenye mpira wetu.

Wakubwa zangu mnakumbuka Julai 12, 1998, fainali ya Kombe la Dunia pale Stade de France. Mimi naisoma kama historia, nyie mliiona. Mchana wa siku ile Ronaldo wa Brazil alipatwa na degedege hotelini, wenzake wakashuhudia. Karatasi ya kwanza ya kikosi ikatoka na jina la Edmundo. Waandishi wakachanganyikiwa. Baadaye ikatoka nyingine, Ronaldo yumo. Akacheza kama kivuli, Ufaransa ikashinda 3-0. Dunia nzima ilikuwa imeweka moyo wake pale, na wengine hela zao, bila kujua kilichotokea chumbani saa chache kabla. Suala lile lilifika hadi bunge la Brazil.

Mpira unajua fika kwamba habari za ndani ni hela. Desemba 2020 chama cha soka England kilimfungia Kieran Trippier wiki kumi na kumtoza faini ya pauni 70,000, kwa sababu habari za uhamisho wake ziliwafikia watu waliobeti. Kanuni ile inahusu habari yoyote ya ndani, majeraha yamo. Ni kanuni nzuri, lakini ni nusu ya dawa. Inamwambia aliye ndani asitoe siri kwa rafiki yake. Haimlazimishi kuwaambia wote.

Wamarekani kwenye mpira wao wa mikono, NFL, wameenda hatua ya pili. Kila wiki timu lazima itoe orodha ya majeruhi, nani ameumia wapi, nani amefanya mazoezi na nani hakufanya. Ukificha unapigwa faini. Mwaka 2009 New York Jets walitozwa dola 75,000 kwa sababu msimu uliotangulia hawakusema kwamba Brett Favre alikuwa na jeraha la mkono. Kocha wake na meneja mkuu wakatozwa 25,000 kila mmoja.

Kwetu? Siku moja kabla ya mechi kocha anakaa mbele ya vipaza sauti anasema, "Vijana wote wako fiti, morali iko juu, tunamuomba Mungu." Sisi tunaandika. Kesho yake kikosi kinatoka saa moja kabla, nyota hayupo hata benchi. Mikeka ilishawekwa tangu asubuhi.

Na hapa niseme la kwangu, maana si haki kuwasema watu wa farasi huku nimejificha.

Msimu mmoja nilikwenda kwenye mazoezi ya timu moja ya Ligi Kuu, siku mbili kabla ya mechi kubwa. Straika wao tegemeo alikimbia kama mita ishirini, akashika paja nyuma, akakaa chini. Wakambeba. Kiongozi mmoja akaja pale tulipokuwa, waandishi watatu na vijana kadhaa wa mtaani. Akasema, "Wadogo zangu, hii haiandikwi. Mnataka kuendelea kuja hapa au hamtaki?" Hatukuiandika. Mimi nilikuwa na miezi minne kazini, nikaona ndiyo ukubwa wenyewe, kuaminiwa.

Jioni nikapanda bodaboda ya kaka mmoja anayeegesha karibu na ofisi. Anajua kazi yangu, huwa ananiita mwandishi. Njiani akaniuliza, "Mwandishi, straika wetu yuko poa? Nataka niweke." Nikamjibu, "Yuko poa kaka." Maneno matatu tu.

Straika hakucheza. Timu ikafungwa. Yule kaka alikuwa ameweka hela ya marejesho ya pikipiki ya siku tatu. Hakunilaumu, alidhani na mimi sikujua. Alisema tu, "Mpira bwana." Baadaye nikasikia wale vijana wa mtaani waliokuwa pale uzioni walikula vizuri wikiendi ile, waliweka upande wa pili. Mimi sikubeti hata mia, lakini nilikuwa sehemu ya mfereji. Siri ilipita kwangu ikamkwepa yeye.

Ndiyo maana kisa cha Life At Ten kinaniuma. Wale wasimamizi walipigiwa simu, wakaendelea na ratiba. Mimi niliulizwa ana kwa ana.

Sitaki kuwafundisha watu kubeti. Ukiniuliza nitakwambia hela ya marejesho usiiguse. Lakini kubeti kumeruhusiwa na sheria, kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kodi inakatwa, na majina ya kampuni za kubashiri yako vifuani mwa jezi. Mpira umeshaipokea hela ya mbetiji. Sasa umpe na habari.

Ninachoomba ni kidogo. Bodi ya Ligi iweke kanuni kwamba saa 24 kabla ya mechi kila timu itoe orodha ya wachezaji katika mafungu matatu, yupo, ana mashaka, hayupo. Itolewe kwa wote kwa wakati mmoja, kwenye ukurasa wa ligi. Akiumia mtu baada ya hapo, litolewe tangazo jingine. Timu ikidanganya kwa makusudi ipigwe faini inayouma.

Sijaomba faili la hospitali. Mchezaji ni binadamu, ana haki ya siri na daktari wake, na hapo anatofautiana na farasi. Kama ana malaria, ana msiba au ameachwa na mchumba, hayo ni yake. "Hayupo" inatosha.

Makocha watasema tunawapa wapinzani faida. Wapinzani wanajua tayari, wana watu wao uzioni. Asiyejua ni yule aliyeko barabarani na kofia ngumu kichwani.

Na sisi waandishi tuanze bila kusubiri kanuni. Ukiona mchezaji amebebwa, andika amebebwa. Geti la mazoezi likifungwa, andika na hilo.

Yule kaka bado anaegesha palepale. Wiki iliyopita aliniuliza tena habari ya kipa fulani. Nilikuwa sijui, nikamwambia sijui. Ila ile ya straika bado sijamweleza. Akisoma gazeti la leo, ndiyo atajua.